Usiku wa Kasino Nyumbani: Changa Pesa ya Chakula, Si Pesa ya Dau

Umeona picha. Meza imetandikwa kitambaa cha kijani, karata zimepangwa, jamaa mmoja amevaa tai na kofia anagawa kadi kama yuko kwa filamu, na mabeshte kumi wamezunguka wakipiga kelele. Sasa na wewe unataka kufanya hivyo kwako, pengine bathdei, pengine Jumamosi tu ya kuonana na watu ambao mnakutana siku hizi kwa WhatsApp peke yake. Ni wazo zuri. Inagharimu kidogo kuliko kwenda klabu, na watu wanacheka kweli.

Lakini ukiangalia vizuri, usiku wa aina hii una mifereji miwili ya pesa. Mmoja ni wa mchango: chakula, vinywaji, karata, usafiri. Wa pili ni ule wa mezani, ambao kwa mchezo wa nyumbani unafaa uwe mkavu kabisa, usipitishe hata shilingi. Mifereji hii ikichanganyika, na kwa sababu simu iko mfukoni ni rahisi sana ichanganyike, unaweza kuamka Jumapili ukikuta beshte wako hana kodi ya nyumba na wewe ndiye uko nayo kwa simu yako. Somo la leo ni jinsi ya kuitenganisha, kuanzia siku unatuma mwaliko hadi wakati wageni wanaenda.

Kamari inaanzia wapi?

Kuna kipimo rahisi ambacho hata wanasheria hutumia. Tafuta vitu vitatu: mtu ameweka kitu cha thamani, bahati ndiyo inaamua, na mshindi anapata kitu cha thamani. Vikikutana vyote vitatu, hiyo ni kamari, hata kama mko sebuleni na kuna mtoto amelala chumba cha pili. Ukiondoa kimoja, unabaki na mchezo tu.

Kenya imekuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na mwaka wa 2025 ikapata sheria mpya ya kudhibiti mambo haya. Kote kule msimamo ni kwamba anayeendesha kamari kama biashara lazima awe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Wewe huna leseni na huitaki. Kwa hivyo kitu cha kuondoa ni cha kwanza, yaani dau. Hakuna mgeni anayelipa ili acheze, na hakuna anayetoka na pesa kwa sababu amecheza.

Hapa ndipo watu wengi huteleza bila kujua. Mtu anasema, "Kila mmoja atume soo tano, tatu ya chakula na mbili ya zawadi ya mshindi." Inasikika sawa, si ndiyo? Hebu pima tena. Ile soo mbili ni dau. Karata ndiyo bahati. Zawadi ndiyo ushindi. Umefungua kasino ukidhani unapanga bathdei. Kama unataka zawadi iwepo, itoke mfukoni mwako wewe mwenye nyumba, ama kwa mtu mmoja aliyejitolea, na iwe kitu kidogo cha kuchekesha: leso, kikombe, sufuria ndogo, haki ya kuketi kwa kiti kizuri mkutano ujao. Pesa ya mchango isiiguse.

Kupanga mchango

Tarehe kwanza. Wengi hulipa kodi kufikia tarehe tano, kwa hivyo usiitishe mchango tarehe 29 wakati mshahara umeingia na kila mtu anajiona tajiri. Itisha baada ya tano. Atakayesema yes wakati huo anasema kwa pesa iliyobaki baada ya mambo ya lazima, na hiyo ndiyo pesa ya raha.

Kisha fanya bajeti kabla ya kutaja kiasi cha kuchanga. Tuseme mko 12. Umeuliza bei sokoni na ukapata picha kama hii: kuku na nyama 3,200, unga na mboga na kachumbari 900, soda na maji 1,400, makaa 400, pakiti mbili za karata 300, karatasi na kalamu za rangi 150. Ongeza shilingi 40 za ada za kutuma hapa na pale. Jumla ni 6,390. Ukigawa kwa 12 unapata 532 na senti, basi unaitisha 600 kila mtu, unapata 7,200, na kuna mto wa 810 wa dharura. Andika hesabu hii kwa grupu jinsi ilivyo. Mtu akiona 600 peke yake atauliza mbona nyingi. Akiona kuku na makaa, hataongea.

Pombe usiiweke kwa mchango wa pamoja. Kuna anayekunywa, kuna asiyekunywa, na yule wa soda moja hapendi kulipia chupa ya mwingine. Anayetaka aje na yake.

Chagua mtu mmoja wa kupokea, na nambari moja. Si lazima awe mwenye nyumba. Kwa kweli ni afadhali asiwe, kwa sababu mwenye nyumba atakuwa anakimbia jikoni. Kama mnakutana mara kwa mara, tumieni laini ama akaunti ya chama ambayo haichanganyiki na matumizi ya mtu binafsi. Kama ni mara moja tu, mpokeaji aandike pembeni salio lake kabla ya mchango wa kwanza kuingia, ili ajue ipi ni yake na ipi ni ya watu. Inashangaza jinsi 7,200 ya watu inavyoweza kuyeyuka ndani ya nauli na airtime za mwenye simu bila yeye kukusudia ubaya wowote.

Weka siku ya mwisho ya kutuma, angalau siku mbili kabla ya kwenda sokoni. Ambaye hajatuma hahesabiwi kwa chakula. Sema hivyo mapema na kwa upole, usiku wa shughuli usigeuke wa kudai madeni mlangoni.

Mambo machache ya usalama, haraka haraka, kwa sababu shughuli kama hizi ndizo matapeli hupenda. Mchango ukiingia, angalia salio lako ama taarifa ya akaunti, usiamini meseji peke yake. Meseji ya uongo inaweza kuandikwa na mtu yeyote na ikafanana kabisa na ya kweli. Jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha malipo lisomwe, yaani lisomwe kweli, hasa ukimlipa mchinjaji kwa nambari uliyoandika kwa haraka. Na mgeni usiyemjua akikupigia akisema, "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie," usimtumie wewe mwenyewe. Mwambie aombe kampuni irudishe muamala kwa utaratibu wake. Ukimtumia, halafu naye aombe urejeshwe ule wa kwanza, utakuwa umelipa mara mbili. Nambari ya siri haitajwi kwa mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Unapolipa, lipa muuzaji moja kwa moja kwa simu badala ya kutoa pesa taslimu kwa ajenti halafu kuzitembeza sokoni. Unaokoa ada ya kutoa, na kila senti inabaki imeandikwa kwa taarifa yako, ambayo ndiyo risiti utakayoonyesha grupu baadaye.

Mahindi na maharagwe

Sasa tuje mezani. Kasino za kweli hutumia vile vibao vya plastiki vya rangi mahali pa pesa, na hiyo si urembo tu. Mtu akishabadilisha noti yake kuwa kibao, moyo wake haulii tena anapokisukuma mbele. Ni kama salio la simu: elfu moja kwa kioo haiumi kama elfu moja mkononi. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

Wewe huhitaji vibao. Mahindi makavu na maharagwe yanatosha. Punje ya mahindi ni pointi moja, harage ni pointi tano. Kila mgeni apewe mahindi 20 na maharagwe sita, jumla pointi 50, bila kulipa chochote. Nyumba, yaani yule anayeendesha meza, iwe na pointi 400 kwa bakuli. (Neno kasino lenyewe ni la Kiitaliano, na asili yake ni nyumba ndogo. Usicheke.) Njugu karanga usitumie. Zitaliwa kabla ya saa tatu.

Anayefilisika anapewa pointi 20 nyingine akifanya kazi: kuosha sufuria, kukatakata vitunguu, kuimba wimbo wa shule ya msingi mbele ya watu. Sheria ya meza ni moja na iandikwe kwa karatasi ukutani: punje hazinunuliwi na haziuzwi. Hata kwa mbao.

Michezo miwili inatosha kwa usiku mmoja. Mingi zaidi ya hapo, watu wanapoteza muda wakifundishana.

Wa kwanza ni ishirini na moja. Kadi za mbili hadi kumi zina thamani ya nambari yake. Jeki, kwini na kingi ni kumi kila moja. Esi ni moja ama kumi na moja, unavyopenda. Kila mchezaji aweke dau lake la punje, apewe kadi mbili. Nyumba nayo inajipa mbili, moja ikiwa wazi. Mchezaji anaweza kuongeza kadi moja moja akitafuta kukaribia 21, ama aseme ametosheka. Akipita 21 ameungua, punje zake zinachukuliwa hapo hapo. Wote wakimaliza, nyumba inafunua kadi yake na inaongeza hadi ifike 17 ama zaidi. Hapo inasimama, haina hiari. Aliye juu kuliko nyumba analipwa sawa na dau lake, mkilingana unachukua dau lako. Aliyepata esi na kadi ya kumi kwa kadi zake mbili za kwanza analipwa punje tatu kwa kila mbili alizoweka.

Mchezo unaonekana wa haki, na nyumba yenyewe huungua takribani mara 28 katika kila 100. Basi faida yake inatoka wapi? Angalia nani anacheza kwanza. Ukiungua wewe, punje zimeenda. Nyumba ikija kuungua dakika moja baadaye, hakuna anayekurudishia. Mkiwa mmeungua wote wawili, wewe ndiye umepoteza. Ni hapo tu, kwa ule mpangilio wa zamu, faida ya nyumba imejificha. Waonyeshe wageni jambo hili likitokea. Huwa linawanyamazisha kidogo.

Mchezo wa pili ni ruleti, na hapa huhitaji gurudumu. Andika nambari 0 hadi 36 kwenye vipande 37 vya karatasi, vikunje, vitie kwa kikapu. Nyekundu ni 1, 3, 5, 7, 9, 12, 14, 16, 18, 19, 21, 23, 25, 27, 30, 32, 34 na 36. Zilizobaki ni nyeusi, isipokuwa sifuri ambayo ni ya kijani. Watu wanaweka punje: kwa rangi, ukipata unalipwa sawa na dau; kwa nambari moja, ukipata unalipwa mara 35 na dau lako linarudi. Mtu mmoja anachomoa karatasi, anasoma kwa sauti, anairudisha, kikapu kinatikiswa. Kurudisha ni muhimu. Ukisahau kurudisha, unacheza mchezo mwingine kabisa.

Nambari ziko 37, lakini malipo yamepangwa kana kwamba ziko 36. Ukiweka punje moja kwa kila nambari, utaweka 37, na haijalishi ni ipi itatoka, utarudishiwa 36. Moja inabaki kwa bakuli. Kwa rangi ni vile vile: nyekundu ni 18 kati ya 37, si nusu. Ile sifuri ya kijani, ambayo kila mtu huiona kama pambo, ndiyo mshahara wa nyumba.

Fanya jaribio. Kila baada ya nusu saa, hesabu bakuli la nyumba na uandike ukutani. Wageni 12 wakiweka pointi tano kila mmoja, kwa karatasi 40 zilizochomolewa, jumla iliyopita mezani ni pointi 2,400. Gawa kwa 37: nyumba inatarajia kubaki na karibu 65. Usiku mmoja unaweza kuikataa hesabu hii, nyumba ikafilisika na watu wakapiga vigelegele. Kasino ya kweli haijali, kwa sababu haifungi baada ya usiku mmoja.

Atatokea pia yule mjanja wa "mimi nina mbinu". Mbinu yake ni hii: weka moja kwa nyekundu, ukipoteza weka mbili, kisha nne, nane, kumi na sita, siku moja itatoka nyekundu na utarudisha zote na moja juu. Mruhusu ajaribu, ni somo la bure. Akipoteza mara tano mfululizo ametoa 31 kati ya pointi zake 50, na dau la sita linataka 32 ilhali amebaki na 19. Amekwama. Kupoteza mara tano mfululizo kwa rangi hutokea karibu mara moja kwa kila 28 anazoanza mfululizo huo. Kwa hizo mara 27 nyingine anashinda pointi moja moja, jumla 27. Kwa ile moja anapoteza 31. Fanya kutoa mwenyewe.

Sasa badilisha punje ziwe shilingi, uanze na 50: hamsini, mia, mia mbili, mia nne, mia nane. Umetoa 1,550, dau la sita ni 1,600, na yote haya ulikuwa unatafuta shilingi 50. Hapo ndipo kidole kinaenda kwa menyu ya mkopo wa simu. Mkopo wa haraka uliwekwa kwa ajili ya dawa, nauli na unga siku salio halitoshi. Ukiutumia kufuata pesa iliyopotea, unalipa ada juu ya hasara, na siku pesa nyingine inaingia kwa laini yako, inakatwa kabla hujaiona. Ile michezo ya kubahatisha kwa simu, ya ndege na ya nambari, inafanya kazi kwa hesabu ya jamii hii hii, ila hakuna beshte pembeni wa kukuambia umefilisika, nenda ukakate vitunguu.

Kama unataka kitu cha kupumzisha watu katikati, leta kadi ile yetu. Kwa kweli Kenya ukisema poka wengi wanafikiria hii ya kulenga mbili na tatu na kupiga kelele "niko kadi!", si ile ya sinema. Haina nyumba, haina bakuli linalojaa polepole, na aliye makini humshinda aliyelala. Watu wataona tofauti bila kuhubiriwa.

Saa nne usiku

Hapa ndipo penyewe. Chakula kimeliwa, watu wamechangamka, na mmoja atasema: "Sasa hii ya mahindi ni ya watoto. Tuweke mbao mbao tu, iwe na ladha." Anaweza kuwa yule unayempenda zaidi kwa grupu. Hana ubaya.

Mbao si pesa nyingi. Shida yake ni kwamba haikai mbao. Aliyepoteza tano anataka soo ili arudishe kwa mkupuo. Aliyeshinda hataki kuonekana mchoyo. Na sababu simu hutuma ndani ya sekunde, hakuna ile nafasi ya kutembea hadi kwa ajenti ambayo zamani ilimpa mtu muda wa kujiuliza anafanya nini. Kisha kuna swali la nani anashika pesa. Zikija kwa nambari yako, wewe ndiye nyumba, na nyumba, kama tulivyohesabu, huchukua. Utakuwa umewaalika watu kwako, ukawalisha, na ukawatoa pesa. Kuna anayecheka usiku huo na kesho yake anaanza kutokujibu simu zako.

Jibu lako liwe tayari, na liwe fupi. "Kwangu hatuchezi ya pesa. Ukitaka ladha, nakuongezea pilipili." Kisha gawa kadi nyingine mara moja. Usianze kueleza, kwa sababu ukieleza utajibiwa. Ni rahisi zaidi kama uliisema kwa mwaliko wenyewe, kwa sentensi moja: tunacheza kwa mahindi, hakuna dau la pesa, mchango ni wa chakula. Aliyekuja amekubali.

Kikapu cha simu mlangoni husaidia wakati wa mchezo. Wenye watoto wachanga nyumbani ama wanaosubiri simu ya kazi wabaki nazo, wengine waweke. Si adhabu, utaona kwamba watu wanaangaliana zaidi. Na kabla ya kuweka, kila mtu atenge nauli yake ya kurudi ama aagize kabisa mtu wa kumchukua. Kutuma pesa saa sita usiku ukiwa umekunywa ndiyo njia ya haraka ya kumtumia fundi wa mwaka jana pesa ya teksi.

Kuna wageni wawili wa kufikiria kabla hata ya kutuma mwaliko. Wa kwanza ni yule ambaye kamari imemsumbua. Pengine unajua, pengine unashuku: anakopa kila wiki, anaficha kioo cha simu, mechi za ligi usizozijua zinamkosesha usingizi. Kwake meza ya kijani si mchezo hata ikiwa ya mahindi. Mpigie pembeni, umuulize kwa utu kama angependa mfanye kitu kingine usiku huo. Akisema yuko sawa, mpe kazi ya kuchoma nyama na umweke mbali na kikapu cha ruleti. Wa pili ni mgeni Mwislamu, ambaye kamari kwake ni haramu na huenda asipende kuketi hata kwenye meza inayoiigiza. Weka meza ya pili: dama kwa vifuniko vya soda, ajua, ludo. Meza hiyo mara nyingi huishia kuwa na kelele kuliko ile kubwa.

Funga kwa saa uliyotangaza. Nyumba za ghorofa zina majirani na keateka, na keateka ana nambari ya landilodi.

Kufunga hesabu

Kesho yake, kabla ya jioni, mpokeaji aweke kwa grupu mistari mitatu: iliyoingia 7,200, iliyotumika, iliyobaki. Aambatishe picha ya taarifa ya malipo, akificha nambari za watu wengine. Tuseme bajeti ilishikilia na zimebaki 810. Kugawa 67 na senti kwa watu 12 ni usumbufu, basi grupu iamue: zikae kwa mkutano ujao, ama zinunue kitu cha pamoja. Muhimu ni kwamba waamue wao, si mwenye simu. Kama kuna aliyelipa na hakufika kwa sababu ya dharura, mlikubaliana nini? Kama hamkukubaliana, jiulizeni sasa mkiandikia mkutano ujao, kwa sababu chakula chake kilinunuliwa na mtu wa kukila alipatikana.

Ikiwa kuna aliyekopeshana na mwingine usiku huo, hata kama ni ya teksi, irudishwe siku hiyo hiyo na iandikwe sababu kwa meseji, "ya teksi jana". Deni dogo lisilo na jina ndilo hukaa miezi.

Yale mahindi na maharagwe, yahesabu mara ya mwisho uandike ukutani nyumba imebaki na ngapi, kisha yaoshe vizuri, yamepita mikono mingi. Yaloweke usiku. Githeri ya Jumatatu iko tayari.